Alama za LSAT Zinapokwama: Dalili, Sababu na Njia za Kuzitatua

Mwongozo huu umejengwa juu ya malalamiko yale yale ambayo nimeyasikia mara kwa mara kutoka kwa watahiniwa wa LSAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya sheria vya Marekani, wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiishi Marekani, na wachache wakijiandaa kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Karibu kila mmoja alifika akiwa ameshajihukumu: huyu anasema Kiingereza chake ni kidogo, yule anasema hana akili ya mantiki, mwingine anasema umri umempita. Mara nyingi hukumu hizo hazikuwa sahihi. LSAT haipimi ujuzi wa sheria, na haimdai mtu akumbuke kanuni wala tarehe yoyote. Hupima namna mtu anavyosoma hoja ya mwingine na kuona kilichosemwa, ambacho hakikusemwa, na pale ambapo hoja imeruka hatua. Kwa sababu hiyo, alama zilizokwama hazinasuliwi kwa kuongeza saa za kusoma, bali kwa kujua kila kosa lilianzia wapi.

Nimepanga maelezo kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea zaidi na ukaguzi ulio mwepesi, kisha nikaenda kwenye zile zisizo za kawaida. Tafadhali usiruke ukaguzi mwepesi kwa kuuona wa kitoto, kwa maana wengi niliowasaidia tatizo lao lilikuwa pale pale.

Kabla ya dalili yoyote: hakikisha unauhitaji mtihani huu, na kwamba unasomea mtihani uliopo

LSAT huombwa na wanaotaka kusomea shahada ya JD, ambayo Marekani ni shahada ya kwanza ya sheria lakini husomwa na mtu aliyekwisha kumaliza shahada nyingine. Huku kwetu mpangilio ni tofauti: kijana hutoka sekondari akaingia moja kwa moja kusomea LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria ya huku, kisha akaenda kwenye mafunzo ya uwakili. Kwa hiyo aliye na LLB ya Tanzania, Kenya au Uganda na anayetaka kuendelea na masomo Marekani, mara nyingi anachohitaji ni LLM, yaani shahada ya uzamili ya sheria, na vyuo vingi havidai LSAT kwa shahada hiyo, bali hutaka uthibitisho wa Kiingereza. Nimemwona mtu akitumia miezi minne ya jioni zake kwa mtihani ambao chuo alichokitaka hakikuuhitaji. Soma ukurasa wa masharti ya chuo chako kabla hujafungua kitabu.

Jambo la pili ni nyenzo. Kuanzia Agosti 2024, sehemu ya mafumbo ya kupanga vitu kwa mfuatano na makundi iliondolewa kabisa. Mabadiliko hayo yalitokana na maridhiano ya kisheria ya mwaka 2019 kati ya LSAC, shirika linaloutunga mtihani, na watahiniwa wawili wasioona, kwa kuwa mafumbo yale yalimlazimu mtu achore michoro. Mtihani wa sasa una sehemu 4 za dakika 35 kila moja: mbili za hoja za kimantiki, moja ya ufahamu, na moja isiyohesabiwa, ambayo inaweza kuwa ya hoja au ya ufahamu na hutumika kujaribu maswali mapya. Katikati, baada ya sehemu ya pili, kuna mapumziko ya dakika 10. Iwapo kitabu ulichoazimwa na binamu yako kina sura nzima za kupanga watu kwenye viti na siku za wiki, weka sura hizo kando. Zile za hoja na ufahamu bado zina faida.

Dalili ya kwanza: "Nafanya majaribio mengi, lakini alama hazisogei"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na linahitaji nafasi. Mtahiniwa amefanya majaribio kamili 12 au 15, alama zake zinacheza kati ya 149 na 152 kwenye kipimo cha 120 hadi 180, na kila wiki anaongeza jaribio jingine akitumaini kwamba safari hii litafunguka.

Sababu ya kwanza ni kufanya bila kupitia. Jaribio hupima ulipo. Halikufundishi chochote mpaka utakapolirudia swali kwa swali. Ukaguzi wake ni mwepesi: fungua jaribio lako la mwisho, chagua maswali matatu uliyokosa, na ueleze kwa maneno yako, bila kutazama maelezo ya mtu, kwa nini jibu sahihi ni sahihi na kwa nini lile ulilochagua si sahihi. Ukishindwa kwa mawili kati ya hayo matatu, tatizo lako ni mapitio, na usifanye jaribio jingine kamili mpaka ulitibu.

Tiba yake ni mapitio yasiyo na saa. Fanya sehemu moja kwa dakika 35 kama kawaida, na unapoendelea weka alama kwenye kila swali ambalo hukuwa na uhakika nalo, hata kama ulijibu. Muda ukiisha, usitazame majibu. Pumzika, kisha rudi kwenye maswali yenye alama ukiwa na muda wote unaoutaka, na uandike jibu la pili kando ya lile la kwanza. Baada ya hapo ndipo usahihishe, ukihesabu alama mara mbili: za ndani ya muda na za bila muda. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo utambuzi wenyewe. Ikiwa ndani ya muda umepata 16 kati ya 25 na bila muda umepata 23, unaelewa hoja, na kinachokuangusha ni kasi au mpangilio wa muda. Nenda kwenye dalili ya tatu. Ikiwa umepata 16 na kisha 17, saa haina hatia. Bado hujaielewa kazi yenyewe, na kukimbia zaidi kutazidisha makosa.

Sambamba na mapitio hayo, weka daftari la makosa. Simaanishi jedwali la rangi linalohesabu aina za maswali. Nimeona mengi mazuri ambayo hayakumpandisha mtu hata alama moja. Namaanisha sentensi tatu kwa kila kosa: nilichagua nini na kilinivutia kwa nini; kwa nini si sahihi; na ni neno gani kwenye swali lingenionya. Hapa mbele yangu nina daftari la mtahiniwa aliyekuwa akisoma saa 12 asubuhi baada ya zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee. Ingizo moja linasomeka hivi: "Swali la 17. Nilichukua C kwa sababu lilitaja bei, na kifungu kilihusu bei. Lakini hitimisho linasema *wengi*, C linasema *wote*. Neno la kunionya: wote." Kurasa nne baadaye ameandika: "Tena wote." Kurasa mbili mbele yake: "Tena." Baada ya hapo kosa hilo halionekani tena katika daftari lake. Hivyo ndivyo alama zinavyopanda.

Sababu ya pili ni nyenzo zisizo rasmi. Maswali yanayotungwa na kampuni nyingine au kuzalishwa na programu za kompyuta hufanana na ya mtihani kwa sura, lakini uchaguzi wa maneno katika machaguo ya kupotosha hauko makini kiasi kile, na mtu hujizoeza kugombana na maswali mabovu. Kwenye LawHub, jukwaa la LSAC, kuna majaribio rasmi kamili ya bure, na usajili wa kulipia hufungua makumi mengine yaliyotumika miaka ya nyuma. Tumia hayo.

Sababu ya tatu, isiyo ya kawaida sana, ni kumaliza nyenzo mapema na kurudia majaribio ambayo majibu yake unayakumbuka. Hapo alama zitaonekana kupanda, na kupanda huko hakuna maana.

Dalili ya pili: "Nabaki na machaguo mawili, kisha nachukua lisilo sahihi"

Watu huieleza dalili hii kama bahati mbaya. Si bahati. Watunzi wa mtihani huliandaa chaguo la pili kwa makusudi ili limvute mtu aliyeelewa mada lakini hakulishika swali. Nitaonyesha kwa hoja niliyoitunga mwenyewe.

"Katika kijiji kimoja cha pwani, wavuvi wenye boti za injini hurudi na samaki wengi kwa siku kuliko wavuvi wenye mashua za tanga. Kwa hiyo, wavuvi wote wa kijiji wakipewa injini, jumla ya samaki wanaovuliwa kijijini itaongezeka."

Swali linauliza: hoja hii inategemea dhana ipi? Tuseme umeshaondoa machaguo matatu, na yamebaki haya mawili. La kwanza: "Samaki wa kijiji hawawezi kwisha, hata injini ziwe nyingi kiasi gani." La pili: "Ongezeko la injini halitapunguza samaki kiasi cha kufuta nyongeza yote inayotokana na injini hizo."

Yote mawili yanahusu samaki kupungua, na yote mawili yanaisaidia hoja. Wengi huchukua la kwanza kwa sababu lina nguvu na linasikika kama linamaliza ubishi. Lakini swali halikuuliza kinachoisaidia hoja. Liliuliza hoja *inategemea* nini, yaani kitu gani kikiondolewa nayo inaanguka. Basi geuza kila moja. Ukigeuza la kwanza unapata: samaki wanaweza kwisha, injini zikiwa nyingi mno. Je, hoja imeanguka? Hapana, huenda injini za kijiji kimoja hazifiki wingi huo, na jumla ikaongezeka bado. Ukigeuza la pili unapata: ongezeko la injini litapunguza samaki mpaka nyongeza yote ifutike. Hapo hitimisho halina pa kusimama. Jibu ni la pili, lile lenye maneno ya kiasi.

Sababu inayotokea zaidi, basi, ni kutolisoma swali lenyewe kwa uzito ule ule wa hoja. Kuna maswali yanayotaka dhana ambayo hoja haiwezi kusimama bila kuwa nayo, na mengine yanayotaka dhana ambayo ikiongezwa hoja inathibitika moja kwa moja. Katika aina ya kwanza chaguo la upole ndilo hushinda mara nyingi. Katika ya pili, chaguo lenye nguvu halina kosa. Ukaguzi wake: funika hoja, soma sentensi ya swali peke yake, na useme kwa Kiswahili unachotakiwa kufanya. Ukisita, umepata chanzo.

Sababu ya pili ni kutolitenga hitimisho. Kabla ya kuyatazama machaguo, weka kidole kwenye sentensi ambayo nyingine zote zinaitumikia. Haiko mwisho kila mara. Huweza kuwa mwanzoni au katikati, na mara nyingi hujificha baada ya neno la kupinga, pale mwandishi anapoyataja maoni ya wengine kisha akayakataa.

Sababu ya tatu ni masharti. Chukua sentensi hii: "Mzigo hautoki bandarini isipokuwa ushuru umelipwa." Nikikuambia mzigo umetoka, una haki ya kusema ushuru umelipwa. Nikikuambia ushuru umelipwa, huna haki ya kusema mzigo umetoka, na kila aliyewahi kutoa gari bandarini analijua hilo kwa uchungu. Kulipa ushuru ni sharti la lazima. Si sharti toshelevu. Mtihani huuliza jambo hili kwa sura nyingi, na anayelikosa kwa Kiingereza karibu kila mara hulipata nikimsomea kwa Kiswahili, jambo linaloonyesha kwamba mantiki anayo, ila hajakizoea kiungo cha "unless" na kile cha "only if". Andika sentensi 20 za namna hiyo kutoka maishani mwako, uzigeuze pande zote, na useme ni upande upi unaofuata na upi haufuati.

Nyongeza ndogo kuhusu "some". Tukisema baadhi ya wanafunzi wamefaulu, msikilizaji huelewa kwamba wengine wamefeli. Kwenye LSAT neno hilo lina maana ya angalau mmoja, na haliwakatai wote. Vivyo hivyo "most" ni zaidi ya nusu, na hata wote wanaingia humo.

Dalili ya tatu: "Muda unaniishia"

Sehemu moja ya hoja ina maswali 24 hadi 26, maana yake ni wastani wa sekunde 80 na kitu kwa kila swali. Hata hivyo, wastani huo hudanganya, kwa sababu maswali ya mwanzo kwa kawaida ni mepesi kuliko yale ya theluthi ya mwisho, na mtu akigawa muda sawasawa hulipa dhahabu mahali pa shaba.

Sababu kubwa ni kung'ang'ania swali moja. Ukaguzi: katika zoezi lako lijalo, andika dakika zilizobaki unapofika swali la 10 na unapofika la 18. Kisha tafuta lile swali lililokula dakika tatu au zaidi. Lipo karibu kila mara, na mara nyingi nalo ulilikosa. Jiwekee sheria ya kuliacha: ukishasoma mara mbili na hujui hoja inasema nini, chagua herufi yoyote, weka alama, na endelea. Hakuna alama inayokatwa kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo kuacha swali tupu ni kujinyima. Dakika moja ya mwisho iwe ya kujaza vilivyobaki vitupu.

Sababu ya pili ni kusoma machaguo yote kwa kina sawa. Chaguo linalotaja jambo lisilokuwemo kwenye hoja linahitaji sekunde tatu tu. Sababu ya tatu ni kurudia hoja kwa sababu ulisoma haraka mara ya kwanza. Hapa tiba ni ya kushangaza kidogo, kwamba usome *polepole zaidi* mara ya kwanza. Jaribu kwa wiki moja kusoma kila hoja mara moja tu, kwa utulivu, na ulinganishe.

Ikiwa umefanya haya yote kwa mwezi na bado tofauti ya alama za ndani ya muda na za bila muda ni kubwa mno, simama ujiulize kama kuna sababu ya kitabibu: macho, matatizo ya umakini, matatizo ya kusoma yaliyokuwepo tangu utotoni bila kutambuliwa, kwani shule zetu nyingi hazikuwa na wa kuyapima. Hapa mwalimu wa LSAT hana la kusaidia. Nenda kwa daktari au mtaalamu wa vipimo hivyo. LSAC hutoa utaratibu maalumu kwa wenye mahitaji, ukiwemo muda wa ziada na mapumziko zaidi, lakini maombi na nyaraka lazima vifike kabla ya tarehe ya mwisho ya mtihani unaoutaka. Hili si upendeleo, na si jambo la kuonea aibu.

Dalili ya nne: "Nikimaliza kifungu cha ufahamu sikumbuki nilichosoma"

Sehemu ya ufahamu ina seti 4 na maswali 27 hivi, yaani chini kidogo ya dakika 9 kwa seti. Seti moja kati ya hizo huwa na vifungu viwili vifupi vya kulinganisha. Mada hutoka sheria, sayansi, sanaa na jamii, na huchaguliwa ili zisiwe nyepesi kwa mtu yeyote.

Sababu ya kawaida ni mazoea tuliyopewa shuleni. Kwenye ufahamu wa darasani tulisoma kifungu kutafuta majibu ya "nani" na "lini", na tukapewa alama. LSAT haiulizi hayo sana. Inauliza mwandishi anaunga mkono nani, aya ya tatu ipo kwa kazi gani, na angekubaliana na kauli ipi. Kwa hiyo baada ya kila aya simama sekunde tano, ujiambie kwa Kiswahili aya hiyo *imefanya* nini: imeleta nadharia ya zamani, imeipinga, imetoa mfano, imekubali udhaifu wake. Ukifika mwisho ukiwa na vitendo vinne hivyo kichwani, tarakimu na majina utavirudia pale vinapoulizwa.

Sababu ya pili ni kudharau maneno madogo ya msimamo. Mwandishi anayeandika kwamba nadharia fulani "huenda ikaeleza sehemu" ya jambo si sawa na anayesema inalieleza. Ukaguzi: piga mstari chini ya kila neno linaloonyesha msimamo wa mwandishi. Kifungu kizima kikiisha bila mstari hata mmoja, huenda msimamo umekupita.

Dalili ya tano: "Kiingereza ndicho kinaniangusha"

Wakati mwingine ni kweli, mara nyingi si kweli. Kipimo chake ni kile kile cha mapitio bila saa, lakini safari hii ukiwa na kamusi. Ukifahamu maana ya kila neno na bado ukakosa, tatizo ni hoja. Alama zikiruka baada ya kamusi, ni msamiati. Na kama maneno unayajua yote ila sentensi ndefu yenye vishazi vitatu inakupotea njiani, ni muundo, na hilo ndilo ninalokutana nalo zaidi.

Kwa muundo, tafuta kiima na kitenzi kikuu kwanza, ukivuka yote yaliyowekwa kati ya mikato. Kiswahili hukupa viambishi vinavyokuambia kitenzi ni cha nani, na "kinachovutwa" hakiwezi kuwa samaki. Kiingereza hakikupi msaada huo, basi lazima uutafute mwenyewe. Soma kila siku makala moja ndefu ya gazeti au jarida zito kwa Kiingereza, si kwa kukariri maneno, bali kwa kueleza baada ya kila sentensi ngumu nani amefanya nini.

Dalili ya sita: "Nyumbani napata alama nzuri, siku yenyewe zinashuka"

Kwanza tazama ukubwa wa kushuka. LSAC huripoti kila alama pamoja na ukanda wa takriban alama 3 juu na 3 chini, kwa sababu hakuna kipimo kisicho na mtikisiko. Mtu aliyezoea 160 akapata 158 hajashuka. Tumia wastani wa majaribio yako matano ya mwisho, si lile moja bora unalolikumbuka kwa furaha.

Ikiwa kushuka ni kwa alama 6 au zaidi, sababu ya kawaida ni masharti ya mazoezi: ulifanya sehemu moja leo na nyingine kesho, ulisimamisha saa ili ufungue mlango, ulifanya sehemu 3 wakati mtihani una 4. Wiki tatu za mwisho fanya majaribio ya sehemu 4, kwa saa ile ile ya siku ya mtihani, kwenye kompyuta ya mezani au ya mapajani. Sababu ya pili ni kujaribu kubahatisha sehemu isiyohesabiwa. Huwezi kuitambua, na aliyelegeza kamba akidhani ndiyo hii ameumia. Kanuni za kufanyia mtihani nyumbani au kituoni nazo zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo soma zinazohusu tarehe yako hasa, na uhakikishe jina kwenye usajili linafanana na lile la kitambulisho. Sisi wenye majina matatu, na wenye majina yaliyopinduliwa kwenye pasi, hukwama hapo.

Kabla ya kujiandikisha tena, kumbuka kuna kikomo: mara 5 ndani ya kipindi cha miaka ambacho alama huripotiwa, na mara 7 maishani. Alama uliyoifuta nayo huhesabiwa. Usiutumie mtihani halisi kama zoezi.

Dalili ya saba: "Wenzangu wameona alama zao, mimi bado"

Kagua kwanza kama umeandika insha. Insha ya hoja hufanywa kando, mtandaoni, kwa dakika 50 ambazo 15 za mwanzo ni za kujipanga, na ingawa haina alama, asiyekuwa na hata moja kwenye kumbukumbu zake haonyeshwi matokeo. Ukiwa umeiandika na bado kimya, wasiliana na LSAC moja kwa moja kupitia akaunti yako. Usimlipe mtu anayedai kwamba anaweza kufuatilia.

Na hapa naonya kwa nguvu zangu zote kuhusu wale wanaouza "maswali ya mtihani ujao" kwenye makundi ya simu. Hata yangekuwa ya kweli, kuyanunua ni ukiukaji unaoweza kuchunguzwa na kuripotiwa kwa vyuo, na chama cha mawakili baadaye kitachunguza tabia yako kabla ya kukuapisha. Toka kwenye kundi hilo siku hiyo hiyo.

Dalili ya nane: "Silali, na nikiona saa inahesabu moyo unanienda mbio"

Wasiwasi wa kawaida hupungua kwa kuzoea saa: anza na maswali 5 kwa dakika 7, kisha 10 kwa 14, mpaka ufike sehemu nzima. Punguza pia ratiba. Anayefanya kazi zamu ya usiku na kusoma saa nne kila siku hakumbuki alichosoma. Saa moja na nusu za akili iliyopumzika, siku tano kwa wiki, kwa miezi minne hadi sita, humfikisha mbali zaidi.

Lakini iwapo usingizi umekatika kwa wiki mbili, au unatetemeka na kukosa pumzi hata siku ambazo husomi, au umeanza kujiona huna thamani kwa sababu ya tarakimu tatu, acha kusoma na umwone daktari au mshauri wa afya ya akili wiki hii, si baada ya mtihani. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani. Tarehe ya mtihani inaweza kubadilishwa kwa ada kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa, na tarehe za mtihani ni kadhaa kila mwaka.